Makofi Mawili Mlangoni pa Fuko

Baba Tumaini,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini kwa miaka minne sikuwahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, na leo sianzi utovu wa adabu. Niliokufanyia unatosha. Ndio ulioniketisha hapa kuandika.

Ni mwezi wa sita sasa tangu tukuzike kule Igamba, mvua ikinyesha, wanakwaya wamejifunika mifuko ya mbolea na bado wanaimba. Nilikuwepo. Nilikaa nyuma, na Mama Tumaini, katikati ya msiba wake, alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa sukari na mchele niliotoka nao Tunduma. Nikamwambia, "Pole, mama." Nilidhani nimekuja kumlilia mzee tuliyewahi kufanya naye kazi, basi. Sikujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa na la kusema pale.

Chumba chetu hapa kituo cha utafiti kipo. Mabomba ya plastiki uliyoyaunga wewe mwenyewe, kona kwa kona, yamejaa fuko kama zamani. Nikifungua mlango asubuhi bado nategemea kuikuta kofia yako kwenye msumari. Nafasi yako haijapata mtu. Nawalisha mimi, na viazi navikata vipande vinene, jambo ambalo ungenisema mpaka jioni.

Unakumbuka siku uliponiambia kwamba zamani, ulipokuwa ukiitwa mashambani kutega fuko wanaomaliza viazi vya watu chini kwa chini, ulikuwa ukiwala? Ulinitoa kwanza nje ya chumba, ukaninong'oneza nyuma ya tangi la maji, eti wasisikie. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mimi binti wa Tunduma, niliyekulia kwenye vumbi la malori, sikuwa nimewahi hata kumwona fuko. Nilikuja na cheti changu cha kompyuta, na wewe ndiye uliyenifundisha kumshika mnyama nyuma ya mabega asining'ate, kumtambua mama wa kundi, kujua watoto wamezaliwa bila kufukua kiota.

Kazi yangu ilikuwa mashine. Kila fuko ana kidude chini ya ngozi, na kila bomba lina kisomeo kinachoandika nani kapita na kakutana na nani. Maikrofoni zinachukua kila mlio, na kompyuta inaipanga yenyewe: huu wa kusalimiana, huu wa kugombana, huu wa hofu. Wewe uliniita "fundi wa masikio." Umeme ulipokatika siku mbili nikaona kazi imekufa, lakini wewe ulilaza sikio kwenye bomba, ukafumba macho, na jioni ukaniambia kundi la tatu linampiga dume mmoja, tumtoe. Tulipomtoa alikuwa na jeraha shingoni. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado halikunifundisha kitu.

Sasa nije kwenye makofi. Kila asubuhi, kabla ya kushika kitasa, ulipiga makofi mawili ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama watu wa kwenu wanavyomwamkia mkwe. Unasubiri, ndipo unaingia. Kompyuta haikujua adabu za Wanyiha. Iliyahesabu makofi yako kama fuko anayepiga miguu kwa hofu, na hesabu za kila asubuhi zikaharibika. Daktari, mkuu wetu, akanifokea. Nami nikabandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wangu: USIPIGE MAKOFI. USIONGEE. Uliisoma polepole, ukaniuliza, "Mwanangu, hawa hawatuoni. Watajuaje ni mimi?" Nikakujibu kwamba inayotakiwa kujua ni mashine, si wao. Nilisema hivyo, Baba Tumaini, kwa mtu wa umri wa baba yangu. Nawe ukaacha.

Wiki ya tatu mama wa kundi la kwanza aliwaua watoto wake wote. Wiki ya nne, kundi la pili vilevile. Ulikuja kuniita ukiwa umewashika kwenye kiganja, wadogo kama punje za maharage.

Daktari alitaka maelezo. Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja: mtunzaji anaingia ghafla na kuwashtua wanyama. Ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote, wewe umesimama, kofia mkononi. Ulipoulizwa kama una la kusema ulijibu, "Sina." Mkataba wako haukuongezwa. Mimi nikaona umekiri. Na nikuambie ukweli wote, moyoni nilipata nafuu, maana kama si wewe ningeulizwa mimi. Ulirudi nyumbani kwako, na mvua zilizofuata presha ikakuchukua.

Mwezi uliopita tuliletewa programu mpya, nikaambiwa niipitishie rekodi zote za nyuma. Ikazipanga asubuhi zote kwenye kioo, moja chini ya nyingine. Juu zikawa asubuhi zako: makofi mawili, kimya kifupi, halafu milio midogo ya kusalimiana, na fuko wanasogea upande wa mlango. Chini zikafuata asubuhi za karatasi yangu: kitasa, na palepale milio ya hofu kutoka kila bomba. Mama anawabeba watoto, anawahamisha, anawarudisha, anawahamisha tena, kila ulipoingia, mpaka ile wiki ya tatu. Nilitazama tarehe, nikazitazama tena.

Walikuwa wakikusubiri ubishe hodi, na mimi ndiye niliyekukataza.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hilo. Kuifundisha kompyuta iyaruke makofi mawili kumenichukua muda wa kunywa chai. Kikombe kimoja, Baba Tumaini, na chenyewe hakikupoa. Ningeweza kuifanya kazi hiyo siku ileile niliyofokewa. Nilichagua karatasi na gundi kwa sababu wewe ulikuwa rahisi kuamrishwa kuliko mashine.

Labda ningenyamaza. Najijua. Lakini Tumaini wako, ambaye sasa ana mtoto mgongoni, aliiomba nafasi yako. Anawajua fuko kuliko mtu yeyote aliyebaki, uliyemlea mwenyewe kwenye mitego. Ofisini wakafungua faili, wakaikuta ripoti yangu, wakasema mtoto wa yule aliyeua wanyama hawamchukui. Alitoka pale akapita mlangoni kwangu, akanisalimia vizuri tu.

Nikaenda kwa Daktari na picha nilizochapa za zile asubuhi. Alizitazama muda mrefu. Akasema, "Zuhura, mzee ameshapumzika. Ukiifukua hii, utakayeondoka ni wewe." Hakusema kwa ubaya, nadhani alinionea huruma. Nimeandika ripoti nyingine hata hivyo.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwako. Kutoka kituoni ni dakika ishirini kwa pikipiki, na sikuwahi kuzitumia ukiwa hai. Mama Tumaini alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nilipiga magoti nikamweleza yote, hadi ile karatasi na maneno yaliyoandikwa juu yake. Hakuacha kupukuchua. Nilitamani anitukane, ningejua pa kushika.

Mwishowe akasema, "Alijua. Alikuwa anakaa hapo ulipo. Akisikia pikipiki anasema, labda yule binti anakuja kuniuliza. Alisema hawezi kumwaibisha mtoto mbele za watu, ila ukija nyumbani atakueleza." Akachukua hindi jingine. "Mbona hukuja?"

Nilikaa pale ulipokuwa ukikaa wewe, nikalia kama mtoto mdogo, na mke wako akaniacha nilie bila kunigusa. Alikuwa na haki.

Nalipwa kwa kusikiliza, baba. Nimewasikiliza fuko wakitafuna, wakikoroma, wakigombea kiota, miezi na miezi ya sauti imejaa kwenye kompyuta. Wewe ulikuwa mlango wa pili kutoka kwangu na sikukuuliza swali hata moja. Nilikuona umesema "Sina," nikashukuru Mungu kwamba mambo yameisha haraka.

Jumatatu wafanyakazi wanakutana, watu walewale, chumba kilekile. Ripoti mpya nitaisoma mwenyewe. Sitasema mashine ilikosea. Nitasema karatasi ilikuwa yangu, na mwandiko wangu, na kwamba mzee yule aliwatunza wanyama vizuri mpaka siku nilipomzuia. Nakala moja itaingia kwenye faili lako, juu ya ile ya kwanza, na nyingine nitampelekea Mama Tumaini. Wakinifukuza nitarudi Tunduma kwa dada zangu, wanaouza sabuni kwa Wazambia, nijifunze Kibemba cha sokoni ukubwani. Tumaini akipata kazi au akikosa, haitakuwa kwa ajili ya jina lako. Hiyo ndiyo ahadi ninayoweza kuitimiza. Kubwa zaidi ya hiyo sina.

Pumzika, baba. Sijui kama mimi wa msikitini na wewe wa kanisani tutapangiwa uwanja mmoja huko. Mungu akipenda tukutane, sitajitetea. Utaniambia yale uliyoniwekea pale barazani, polepole kama kawaida yako, na mimi nitasikiliza mpaka umalize.

Mwanao,
Zuhura