Nilivyocheka Mbele ya Yustina

Jumamosi, Agosti 1993

Na nilikaa mstari wa mbele kabisa, ili kila mtu ajue yule malkia ni binti yangu. Wiki nzima nimewatangazia sokoni kwamba Yustina wangu kapewa umalkia katika mchezo wa kizungu wa zamani pale shuleni, na gauni nimemchagulia mwenyewe kwenye mitumba. Kupendeza, alipendeza. Hilo silifuti.

Malkia anafiwa na mwanawe, anarukwa na akili. Basi Yustina akapiga magoti jukwaani, akaanza kuokota punje za ulezi sakafuni, moja moja, na kila punje anaiamkia: "Shikamoo. Shikamoo."

Afanyaye hivyo ni mdogo wangu Felista, tangu amzike mwanawe. Yuko kijijini kwa mama. Hapa mjini sijamwambia mtu kwamba nina mdogo.

Ukumbi ukacheka. Jirani yangu Mama Deo akanigonga bega. "Mama Yustina, huyu mwanao haya kayatoa wapi?"

Nikasema ni kipaji tu, kakirithi kwangu. Nikacheka kuliko wote, asije akahisi kitu.

Njiani nikamsifu Yustina. Akasema, "Wale wengine hawamjui mama mdogo. Wewe unamjua, mama, na ukacheka."

Nikajidai nafunga kanga vizuri, eti baridi.

Mtoto aliigiza ili watu wamwonee huruma mtu kama Felista. Aliyecheka kwa sauti kubwa ni mimi, niliyembeba Felista mgongoni mpaka akajua kutembea.