Nimeidanganya Mashine ya Mjukuu Wangu kwa Chupa ya Chai

Mshauri wa ukurasa wa kumi na moja, pokea salamu zangu, na kama una haraka kaa kwanza, maana sikuandikii habari za mume, wangu alishakufa na hata alipokuwa hai hakuwa tatizo la kulipeleka gazetini. Naomba msaada, ingawa kuomba si kazi yangu. Shule niliishia darasa la tatu lakini mwandiko wangu umesimama wima, kwa hiyo usinirekebishie kitu.

Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu ana meno mawili, anafanya kazi kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali, chumba chenye feni isiyozunguka na mashine zilizopasuliwa matumbo, na humo anatengeneza kifaa cha kubana kidoleni mfano wa kibanio cha nguo, kinawasha mwanga mwekundu, mwanga unapita kwenye nyama, halafu kioo kinachora mawimbi kuonyesha damu inatembea au inajikokota. Mimi nimefua mashuka ya hoteli miaka thelathini na moja, nimebana kambani nguo za watu wasionijua, kumbe nilikuwa najiandaa kubanwa mimi.

Anasema vifaa walivyonavyo wodini vinadanganya, vikikutana na kidole cha baridi, au ngozi nyeusi, au ngozi iliyokomaa kwa kazi, vinabahatisha, kwa sababu vilijaribiwa kwenye vidole laini vya watu wa vitini. Nikamwambia, "Yaani umesoma miaka kumi na saba uje kunieleza kwamba mashine haimtambui mtu mweusi anayefanya kazi? Si ungeniuliza mimi tu." Akacheka, akaniomba niwe mmoja wa wazee kumi wa kujaribiwa, Jumatano nne. Nikakubali, nani atakataa heshima ya kubanwa.

Jumatano ya kwanza kioo changu kikachora mstari umenyooka kama kamba isiyo na nguo. Kiti cha pembeni alikaa mwalimu mstaafu, mtu aliyeshika chaki maisha yake yote, na mawimbi yake yanapanda na kushuka kama ya bwana harusi. Akanigeukia, "Mama, hiyo inatafuta damu, wewe umejaza sabuni." Nikamwambia, "Mwalimu, mkono usiofanya kazi lazima ung'ae." Lakini liliniuma. Kisha akaja bosi wa mjukuu wangu, miwani moja machoni na nyingine kichwani, akamnong'oneza mjukuu wangu kana kwamba uzee ni uziwi, "Huyu bibi na vidole vyake atatuharibia kazi." Mjukuu akamjibu neno, sikulisikiliza, nilikuwa nimeshashiba.

Basi Jumatano ya pili nilikwenda na chupa ya chai mkobani, ndani si chai bali maji ya moto, nikaingia chooni, nikaloweka mikono mpaka ikaiva, nikajichua na ile dawa ya misuli inayowasha, nikaenda kuketi kama mwenye karakana. Bosi akauliza kinanuka nini. Nikamwambia uzee. Mashine ikabanwa, mawimbi hayo, mwalimu akabaki kukodoa macho, na mjukuu wangu akanikumbatia, "Bibi, imekubali. Imekubali hata kwako." Akadhani ni ile hesabu mpya aliyoiandika wiki hiyo, ya kuifundisha mashine isikie hata mwanga unaorudi kidogo. Sasa mtoto ameshafurahi, unamwambia nini? Jumatano ya tatu nikaloweka, ya nne nikaloweka.

Bosi akamsifu mbele ya watu, na Jumatatu ijayo kifaa kinaingia wodi ya waliopasuliwa mishipa ya miguu, kitabanwa kwenye kidole cha mguu kuangalia kama damu inafika, maana isipofika nao wakachelewa kujua, mguu unakatwa. Kitanda cha nne kwenye wodi hiyo amelala mdogo wangu wa kike, tumbo moja, miguu baridi kama sakafu.

Hata hivyo nilijiambia huenda kifaa ni kizuri tu, mimi nimekipa msukumo. Ila Jumapili mjukuu alikuja nacho nyumbani akakiacha mezani akaenda kuoga, nami kwa uchokozi wangu nikakibana kwenye ncha ya kitambaa cha kufutia vyombo, kimelowa, nikakishika kwa mkono huu unaotetemeka. Kikachora mawimbi, mshauri. Mazuri, yenye mpangilio. Kitambaa changu kina afya kuliko mwalimu. Nikakipongeza, kisha nikakaa chini na kicheko kikaisha, maana kama mtetemo wa mkono wangu kinauita damu, kitanda cha mdogo wangu kikigongwa na toroli, kifaa kitauita mtikisiko huo nini?

Nikisema, mjukuu wangu anaumbuka mbele ya bosi, na mwalimu amepata la kusimulia mpaka azikwe. Nikinyamaza, basi, sentensi hiyo sijaimaliza na wewe usinimalizie. Nijibu Jumamosi hii hii. Herufi za gazeti lenu ni ndogo kama mayai ya chawa, mjukuu ndiye hunisomea ukurasa wako baada ya chai ya asubuhi, kwa sauti, na huwa haruki neno.

Ni mimi,
Mfuaji Mstaafu

*

Bibi, shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Ulichokifanya hakina shikamoo.

Pole kwa neno la mwalimu, mtu aliyefua miaka thelathini na moja hastahili kuambiwa amejaa sabuni. Pole yenyewe imeishia hapo.

Hivi ulidhani mjukuu wako anatafuta vidole vizuri? Vizuri anavyo mwalimu, na kila mashine duniani inavijua. Alitaka kidole kinachoishinda mashine, ukawa nacho wewe, nawe ukaenda kukichemsha chooni. Umefanya kama mtu anayepimwa gauni huku amevuta tumbo ndani, fundi akashona kwa tumbo la uongo. Tofauti ni kwamba gauni hilo anakwenda kuvalishwa mdogo wako. Na lile neno alilomjibu bosi, ambalo hukulisikiliza kwa kuwa ulishashiba, muulize leo. Nahisi lilikuwa la kukutetea.

Unaogopa aibu. Aibu ya karakana hupoa kwa wiki mbili. Mguu ukishakatwa hauchipui.

Tena nikuulize, bibi. Mwenye siri huipeleka kwenye ukurasa unaosomwa kwa sauti na yule yule anayefichwa? Hukuniomba ushauri wewe, umenituma. Sijazoea kutumwa, lakini kwa ajili ya kitanda cha nne nimetumika.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mjukuu, pole. Umeshayapita maji ya moto, umeshakipita kitambaa, na bila shaka bibi yako hapo alipo anakikagua kikombe chake kama hajawahi kukiona. Usimwangalie bado, sikiliza. Mpigie bosi wako leo, si Jumatatu, umwambie kwa maneno makavu kwamba vipimo vya mzee mmoja kwa Jumatano tatu ni batili na kifaa hakiendi wodini. Manesi waendelee kumshika bibi mdogo mguu kwa mkono na kuangalia rangi ya vidole, kama walivyokuwa wakifanya. Hesabu yako ianze upya kwa vidole vya baridi, na kabla ya kidole chochote, bana kitambaa kilicholowa ukitikise. Siku kifaa kitakapokataa kuona damu kwenye kitambaa, ndipo umbane mtu. Jaribio hilo limebuniwa na mwanafunzi wa darasa la tatu, mwambie bosi hivyo, avue miwani zote mbili.

Nawe bibi, Jumatano utakwenda. Chupa ubebe, safari hii iwe na chai kweli, na mwalimu umpe kikombe. Mkono utautoa kama ulivyoamka nao. Mstari ukilala, uache ulale, hapo ndipo kazi ya mjukuu wako inapoanzia. Mwalimu akikuuliza damu iko wapi, mwambie wanaotafutwa ni watu kama wewe, yeye amealikwa kujaza viti.

Sasa gazeti liwekwe mezani. Bibi, mpe mkono, hivyo hivyo ulivyo baridi.