Salamu za Mama kwa Watu wa Dundee

Katy, Texas
Agosti 2019

Dada yangu Wangari,

Pole na uuguzi. Najua barua hii itakukuta kati ya kumpeleka Mama kusafishwa damu na kuwahi kukamua, na wewe hakuna anayekuuliza hali. Mimi nakuuliza: ule mgongo unaendeleaje? Huku tu wazima. Joto limetukalia na barabara ya kwenda kazini inanizeesha, lakini kazi ipo na watoto wanakula.

Usishangae kukuta karatasi mbili. Ile fupi ni ya kumsomea Mama. Hii isome peke yako huko shambani. Simu nimeiogopa, maana ujumbe wangu wa sauti Mama huusikia kabla yako, na huurudia mpaka majirani wote wajue. Ndiyo maana nimempa Mama Njoki wa kanisani kwetu aje nazo mkononi, anakuja kumzika mkwewe.

Dada, yule wa Dundee si yeye.

Tangu utotoni tumejua habari moja tu: kwamba baba yake Mama alikuwa Mskoti, William Rennie, fundi wa mashine za kupasulia mbao kule Elburgon, na kwamba aliondoka Mama hajaota meno. Siku ya mahari yake, benchi la watu wa baba lilikaa tupu, na mpaka leo akilitaja hushusha sauti. Kwa hiyo figo zilipoanza kumshinda akaniambia, "Nitafutie watu wangu niwajue kabla sijaenda," ningesema nini?

Sensa za zamani za Skotlandi ziko kwenye mtandao, nyumba kwa nyumba: baba, mama, watoto, umri, kazi. Nilizisoma kila nilipopata nafasi, hata kwenye gari nikingoja watoto watoke shule. Ya mwisho iliyo wazi ni ya 1911. Inayofuata imefungwa hadi itimize miaka mia. Akina William Rennie walikuwa wengi kama akina Kamau. Basi nikachagua kwa akili yetu ya Kikuyu, kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba: Mama ni binti wa kwanza, anaitwa Izabela, kwa hiyo mama ya baba yake alikuwa Izabela. Nani kwetu angeuliza zaidi? Nikampata William mdogo wa Dundee, mamake Isabella, babake kibarua wa kiwanda cha magunia. Nikawapigia simu wewe na Mama nikilia kwa furaha. Unakumbuka Mama alivyocheka? "Kumbe magunia yangu ya viazi yalitoka kwetu!"

Juzi nilikuwa nikimsimulia Bi. Loretta, ajuza ninayemuuguza nyumbani kwake, ambaye mamake alitoka Skotlandi. Akauliza nilijuaje kwamba ndiye. Nilipomweleza akatikisa kichwa. "Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la upande wa mama," akasema. "Mimi nimeitwa nyanya yangu mzaa mama." Kama ni hivyo, jina Izabela halikunionyesha chochote. Labda ni la dada ya William, au alilipenda tu.

Nikarudi kwenye mtandao, safari hii kwenye kumbukumbu za vifo. Yule mtoto wa Dundee alikufa kwa surua akiwa na miaka saba. Elburgon hakuijua, wala Isabella hakuwahi kupata mjukuu kwake.

Nimetafuta tena mpaka macho yakavimba. Wamebaki akina William wengi na sina pa kushikia. Huenda wetu alizaliwa baada ya sensa ile, basi yumo katika hiyo iliyofungwa. Daktari hajatuambia kwamba Mama ana muda wa kungoja ifunguliwe.

Ndung'u ananiambia, "Si um-call tu umwambie uli-make mistake? Ata-understand." Rahisi kwake. Mume wangu ana babu, ana baba, ana ukoo mzima wa kumgombeza. Mama ana ile karatasi ya sensa niliyomtumia, umeitundika mwenyewe kando ya kalenda ya kanisa, na akina mama wa chama chake wanamwombea Isabella kila wakikutana.

Jumapili alitaka kuzungumza na binti yangu Izabela, wajina wake. "Mjukuu wangu, unawajua watu wetu wa Dundee?" Mtoto akajibu, "Yes, Cucu, they made the bags!" Mama akafurahi kupita kiasi. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya gari nikalia kama mtoto.

Nimewaambia wagonjwa wengi habari mbaya, Dada, lakini hili limenishinda. Nikisema, namnyang'anya. Nikinyamaza, atazikwa na watu wasio wake. Wewe unamwona usoni kila siku, kwa hiyo amua wewe. Utakalosema nitalifuata. Akili yangu imegota.

Nisalimie shemeji Githinji na wanao, na mjomba Karanja wa dukani, umwambie dawa yake ya macho anayo Mama Njoki.

Kabla ya kukata simu Jumapili, Mama naye alinipa salamu. "Ukiwaandikia watu wangu, waambie binti yao bado yupo." Nikamjibu kwamba zitafika. Ninazo hapa, Dada, na sina pa kuzipeleka.

Mdogo wako,
Wambui