Ukurasa wa Arobaini na Tatu

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila mama mgongo unamlalamikia kwa kuinamia cherehani. Natumaini mashine za kufulia hapo hospitalini hazikutoi jasho sana.

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Lile sanduku la bati uliloacha chini ya meza ya kukatia vitambaa, ukasema lisifunguliwe, nimelifungua. Si mara moja. Huu ni mwaka wa pili. Vitabu vyako vyote saba vya ule mchezo wa kusimuliana safari za kubuni mezani nimevisoma, na ninacheza. Peke yangu. Mimi ndiye msimulizi na mimi ndiye wachezaji wote wanne. Narusha dadu, najiuliza, najijibu kwa kunong'ona. Askari wangu ni vifungo vya mama. Kuna mteja ameshashukiwa kuiba kifungo cha shaba ambacho wakati huo kilikuwa kimetekwa pangoni.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ni ya mama, na ujumbe ukiingia huusoma kwa sauti hata aliyekuja kupimwa suruali ausikie.

Mama amesema sanduku litoke kabla ya mwezi wa tano. Analeta cherehani ya pili, na mwenye duka la kona atachukua vitabu afungie misumari. Mimi navitaka, mjomba, navitaka sana, lakini sijaweza kumwambia neno. Unanijua. Shuleni lugha zote mbili nazifaulu kwenye karatasi. Nikiambiwa nisimame nijibu, zote mbili zinanikimbia.

Halafu kuna kitu kinanikosesha raha. Kile kitabu kikubwa, chenye duara la kikombe kwenye jalada na mgongo ulioshonwa kwa uzi wa suruali, ukurasa wake wa 43 haukuchapwa. Umeandikwa kwa mkono, wino wa bluu, herufi moja moja kama za mashine. Unasema mchezaji anayeogopa kusema anaweza kuandika tendo lake, akamkabidhi msimulizi alisome kwa sauti kama vile mhusika mwenyewe ndiye anayesema. Mwisho unasema: asichekwe. Kitabu kile kina sheria za kila kitu, hata za mkate kuota ukungu mfukoni, lakini kwingine kote hakijali nani anachekwa. Nani aliuandika?

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgonjwa ni mashine namba tatu, inakula soksi. Kwanza nikueleze kuwa nimekasirika kwa sanduku langu kufunguliwa. Haya, nimemaliza, tuendelee.

Ukurasa ule uliliwa na maji ya paa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kitabu hicho hicho kikiwa kizima, nikamtuma mama yako akaunakili kwake. Jioni akarudi nao. Sheria ile tuliitumia miaka minne. Mtoto wa seremala tuliyecheza naye aliposema haijakaa sawa, nilimwambia imo kitabuni, akanywea.

Sasa sikia. Barua yako ilinipeleka kwenye duka la vitabu vya mitumba nyuma ya kituo. Wanacho. Ukurasa wa 43 ni jedwali la mizigo: punda anabeba magunia mangapi mlimani na mangapi tambarare. Basi. Hakuna woga, hakuna karatasi, hakuna kuchekwa.

Sielewi. Mwalimu yule hakuwa mtu wa masihara. Aliyeitumia sheria ile zaidi ni mama yako, ila yeye alikuwa na sababu yake: alikuwa anajifunza ushonaji, anakuja mezani na pindo la mtu, pini zimemjaa mdomoni, angesemaje? Alikuwa ananisogezea vikaratasi. Siku tumezingirwa na majambazi kumi na wawili, wote tunapayuka, akanipa kimoja: "Nazima taa." Tukapona sote. Muulize alimkuta nani kwa mwalimu.

Kuhusu sanduku, nilimwachia yeye na neno la mwisho ni lake. Siwezi kukaa huku nikaamrisha chumba cha watu. Anayevitaka ni wewe.

Mjomba wako

3 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole na soksi.

Usinione mkosa adabu, lakini miaka minne ulikuwa unatazama pini badala ya mtu. Tangu nipate barua yako namwangalia mama kama ninavyoangalia ramani. Jumamosi walikuja kaka zake baba kuzungumzia kiwanja. Mama hakuwa anashona chochote. Alifungua mkebe, akapanga pini sita mdomoni, akakaa hivyo mpaka walipoondoka. Kisha akazitoa akaanza kumfokea mteja aliyechelewa kuchukua gauni, na nyumba ikarudi kama kawaida.

Sidhani mama alinakili chochote kwa mwalimu.

Niliandika kikaratasi cha kuomba vitabu, niweke chini ya mkasi wake. Nikakichana. Niandike kingine?

Mpwa wako

16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu nimeegemea mashine, mpaka msimamizi akauliza kama kuna msiba. Yule dada yangu mwenye mdomo unaofukuza madalali. Nilikaa mkono mmoja tu kutoka kwake.

Usimwandikie. Atakujibu kwa maandishi, na mtaandikiana humo ndani ya nyumba moja mpaka mzeeke. Sema. Hata vibaya.

Mjomba wako

29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na utanisamehe salamu zikiwa fupi.

Nimesema. Mama alikuwa anapiga pasi kola za sare. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu, ikatoka moja, tena ile ya katikati: "Ukurasa wa arobaini na tatu uliuandika wewe."

Akasimamisha pasi. Mkono ukatafuta mkebe wa pini, lakini mkebe ulikuwa dirishani, upande wangu.

"Mwalimu alikuwepo," akasema. "Nilimsikia anakohoa ndani. Nikashindwa kubisha hodi. Nikakaa ngazini nikaandika."

Alisema alitaka akuambie jioni ile ile, ila wewe ulishausoma kwa sauti mbele ya wote na hakuna aliyecheka, sasa angeurudishaje? Hapo nikasikia mtu anamwambia asivitoe vitabu, kwamba anavitaka. Alikuwa mimi.

Alinitazama kama anavyotazama kitambaa ambacho hakina cha akiba. Kisha akasema, "Mjomba wako asijue. Atanisimanga mpaka uzeeni." Kwa hiyo ukipiga simu, wewe hujui kitu. Akaingia chumba cha cherehani akafunga mlango.

Hiyo ilikuwa saa saba. Mwenye duka anakuja na mkokoteni saa kumi, na sasa ni tisa na nusu. Cherehani haijalia hata mara moja. Kwa muda mrefu nimesikia kurasa tu, au labda ni karatasi za kukatia, sijui.

Sasa bati linakwaruza sakafu. Mlango wake umefunguka. Anatembea kwa hatua nzito, za mtu aliyekumbatia kitu, na anahema. Akitoka pale, kushoto ni mlango wa barabarani, kulia ni chumba changu tu.

Amesimama.

Mjomba, amekata kulia. Naificha hii