Mungu Hakwenda Magu

Jumapili, 21 Februari 1999

Nimerudi kanisani damu inachemka. Padre huja kwetu mara moja kwa mwezi, kwa hiyo leo ibada kaongoza mume wangu Venant, katekista. Injili ilikuwa ya Yesu jangwani, Shetani anamshawishi. Venant kahubiri kama dakika arobaini. Kasema Mungu humtega yule anayempenda. Alimtega Adamu kwa tunda, na sasa anatutega sisi kwa nyavu tupu, aone kama tutaanguka.

Na watu wakaitikia! Wazima na akili zao!

Mungu gani huyo, wa kutega watu kama kwale? Mama yangu kule Magu hakujua kusoma, lakini alitufundisha vizuri: Mungu hana uovu ndani yake hata chembe. Sasa atamshawishije mtu kwa kitu ambacho hana? Jangwani aliyeshawishi ni Shetani. Venant kasoma mwenyewe, kwa sauti, halafu kafunga kitabu kahubiri kinyume.

Nimemwambia njiani. Kajibu kwamba mwanamke wa darasa la saba hawezi kumfundisha dini mtu aliyekaa kozi miaka miwili. Haya bwana!

Nyavu tupu lakini ni kweli. Wiki ya tatu hii. Gari la barafu linakuja mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, linasubiri sangara, linaondoka na barafu yake.

Jumatano, 24 Februari

Samaki! Sangara saba, mmoja kalingana na binti yetu Queen kwa urefu. Juzi Venant alikwenda Magu, kasema anamsalimia kaka yangu. Karudi jana, leo alfajiri kaingia ziwani peke yake, na nyavu hazijachanika hata jicho moja. Nimemuuliza imekuwaje. Maombi, kasema.

Sita kauza palepale. Mmoja kampiga chumvi kwenye ndoo, wa kupeleka mjini. Nikachukua kisu nikate kipande cha watoto. Kanikamata mkono! Nyumba hii haili samaki, kasema, tumejinyima mpaka Pasaka.

Tangu lini? Sisi Wakatoliki Kwaresima tunajinyima nyama. Samaki ndiye mboga yetu ya mfungo! Watoto wamekula mchicha tena, wananitazama kama mimi ndiye mkosaji. Mume akiwa katekista, hata njaa ya nyumbani anaigeuza fundisho.

Ijumaa, 26 Februari

Njia ya Msalaba, halafu jumuiya nyumbani kwa jirani yangu Modesta. Mume wake yuko machimboni Geita, tangu Krismasi hajaleta hata salamu. Ana mtoto mmoja, Ngosha, miaka mitano. Wamekonda wote wawili.

Venant kafundisha pale pale kwamba ulichojinyima siyo chako tena, ni cha mwenye njaa. Vizuri sana! Nimemshika kwa maneno yake. Alipokwenda kufundisha wakatekumeni wake wa ubatizo nimefungua ndoo, nimekata kichwa cha yule sangara na kipande cha tumbo chenye mafuta, nikampelekea Modesta. Sikumwomba ruhusa mtu. Modesta alikuwa amefunga kutwa, hakuonja, chote kampa mtoto. Ngosha kanyonya mifupa mpaka kidevu kinang'aa.

Leo nimejisikia Mkristo. Venant akiuliza samaki wake, nitamjibu.

Jumamosi, 27 Februari

Ngosha kaanguka asubuhi. Katapika, povu mdomoni, mikono na miguu inarukaruka. Nimemshika mtoto kichwa, Modesta akitafuta kitenge cha kumbebea. Degedege, walisema majirani. Wamekimbilia Kamanga, wamevuka na kivuko cha saa nne kwenda hospitali mjini.

Ile harufu ya matapishi lakini. Niliijua, sikujua naijulia wapi. Nimefua, nimepika, bado iko puani. Halafu mchana, mkono ndani ya unga, nikakumbuka. Shamba la baba, Magu. Siku ya kupiga dawa ya pamba.

Nimekwenda kwenye banda la nyavu. Chini ya maboya kuna begi la Venant la katekisimu. Ndani kuna chupa. Fuvu la kichwa kwenye karatasi yake. Imebaki nusu.

Yesu wangu! Kaimwaga ziwani. Ndiyo maana nyavu hazikuchanika, samaki walikuwa wameshakufa. Ndiyo maana sisi tusile!

Jumapili, 28 Februari

Kaongoza ibada! Kamwombea Ngosha mbele ya watu wote, mikono juu! Nilikaa benchi la mbele nikauma kanga yangu nisipige kelele.

Nyumbani nikamwekea chupa mezani, pale pale penye uji wake. Nikamwambia samaki wake nilimpelekea Ngosha.

Kwanza kakana. Halafu kaketi. Kasema siku hizi dawa hiyo inauzwa barabarani Magu kama nyanya, kila mtu ananunua, hakuna wa kumuuliza mtu ana shamba au hana. Kasema mialo mingine wanafanya, siyo yeye tu. Kasema walaji wa mbali hatuwajui. Halafu ndipo kasema lile. Kwamba Mungu alimjaribu. Njaa ile ilikuwa mtego wa Mungu, naye ni binadamu, kaanguka.

Hapo nikawaka. Nimempigia kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Mungu hakwenda Magu! Mungu hakupanda basi, hakuinama kuchagua chupa, hakuificha kwenye begi la katekisimu! Wewe! Miguu yako, mkono wako, tamaa yako! Hata sangara akiwa kwenye ndoano hasemi ziwa ndilo lililomnasa. Chambo alikitaka mwenyewe.

Basi ni Shetani, kasema. Nikamwambia hata Shetani hakukushika mkono. Anashawishi tu. Wewe ulikuwa na mdomo wa kusema hapana, tena ulihubiri juu ya hilo dakika arobaini.

Kalia. Sijawahi kumwona akilia, na sikumhurumia hata kidogo. Kaniomba ninyamaze mpaka Pasaka. Ana wakatekumeni kumi na wawili wa kubatizwa, wakisikia haya watarudi walikotoka. Hospitali wana dawa zote, kasema, mtoto atapona bila sisi kusema neno.

Nilipokuwa natoka kaniambia nyuma ya mgongo, taratibu: samaki nilimvua mimi, lakini aliyempa mtoto ni wewe.

Jumatatu, 1 Machi

Sikwenda hospitali.

Nilivaa. Niliweka chupa kwenye kikapu. Nilifika mpaka njia panda ya Kamanga nikarudi. Nitamtazamaje Modesta? Watanifunga mimi, watoto abaki nao nani?

Nimepiga magoti nikajisikia nikisema: Ee Mungu, mbona umenitia kwenye mtego huu? Mimi! Baada ya kelele zote za jana! Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia Venant. Mtego upi? Hakuna aliyenizuia mlangoni. Venant hata hakuwepo. Njia ilikuwa wazi na kivuko kilikuwa gatini, nimekiona kwa macho yangu. Niliogopa tu, basi.

Jioni. Habari kutoka mjini: Ngosha bado hajafungua macho. Wanamtibu degedege na malaria. Na mzee Ndalahwa, babu yake, kaita watu nyumbani kwake. Kasema mtoto karogwa, na aliyemroga ni bibi Kashindye, ajuza wa hapa kijijini, kwa sababu ana macho mekundu. Macho mekundu! Miaka sabini anapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi machoni, atakuwa na macho ya rangi gani? Vijana wamesikika wakisema bibi hamalizi wiki hii.

Nimemwambia Venant. Kasema tumwombee bibi.

Tumwombee!

Jumanne, 2 Machi

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Nimepanda kivuko cha kwanza. Kabla ya kupanda nimepita kwa mtendaji wa kijiji, nimemwambia aweke watu kwa bibi Kashindye, kilichomwangusha mtoto ni sumu na sumu iko kwangu. Kabaki mdomo wazi. Sikungoja aufunge.

Daktari ni kijana, anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nimempa chupa. Kasoma karatasi, kauliza mtoto alikula lini, kiasi gani, sehemu gani ya samaki. Nilipotaja mafuta ya tumbo kagonga meza. Siku tatu, mama! kasema. Siku tatu tunahangaika gizani! Katoka anakimbia na chupa yangu, anamwita nesi kwa jina.

Alikuwa na haki ya kunifokea. Nilitamani anifokee zaidi.

Karudi na karatasi nijaze. Nani aliyempa mtoto samaki? Nimeandika jina langu, Dorotea, na kijiji. Nani aliyevua? Nimeandika Venant, majina yote matatu, herufi kubwa. Kasema polisi watakuja mchana, nisiondoke. Siondoki.

Modesta katoka wodini wakati bado nimeshika kalamu. Hajalala huyu tangu Jumamosi. Kanikumbatia! Kasema, Mama Queen, umevuka maji kuja kutuona, Mungu akubariki. Kasema hajui alimkosea Mungu nini hata amjaribu hivi, na mtoto ni huyu huyu mmoja.

Nikamwambia, hapana, Modesta. Siyo Mungu. Mungu hana mkono kwenye hili. Wala siyo bibi Kashindye. Keti nikuambie.

Kabla hajaketi nesi akamwita ndani, haraka haraka. Dripu inabadilishwa. Nasikia viatu vinakimbia, nasikia kitanda kinasukumwa, sauti ya mtoto sisikii. Nimeandika haya yote nikitazama ule mlango.

Umefunguliwa. Ni Modesta. Uso wake siwezi kuusoma, amejifunika kanga mpaka kwenye paji. Amekuja moja kwa moja hapa. Ameketi, bega lake limegusa langu. Anaangalia daftari. Anauliza ninaandika nini. Naweka kalamu, namwambia.