Uchungu wa Mke Mwenza

Moa, 9 Oktoba 1984

Kwa mume wangu Yakoub, huko Mombasa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila sabuni madukani hakuna, na kile kipande ulicholeta Idi kimekwisha jana kwa ajili ya paka wako.

Alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Kufika adhuhuri mtoto wa kwanza amekwama, naye ananing'ata kila nikimgusa. Hasira zikanijaa. Paka ni wako, jina la Mke Mwenza umempa wewe kwa mzaha wako, taabu naachiwa mimi. Nikamtuma jirani kwa Bi Mwanakombo mkunga, amwambie mke mwenzangu uzazi umemshinda.

Bi Mwanakombo akaja mbio na mkoba wake. Nilipomwonyesha paka juu ya gunia, akakaa kitako akasema, "Alhamdulillahi. Nilidhani ni yule wa Mombasa kaletwa kwako."

Kisha akaomba sabuni, akapaka vidole, akamvuta mtoto taratibu. Wamezaliwa watatu, wote hai. Hakunitazama tena mpaka akaondoka.

Paka wako hajambo, usiniulize habari zake. Niandikie huyo wa Mombasa anajifungua lini.

Mimi mkeo,
Mwanaasha