Bibi Asiachie Kamba

Maskati,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mbeyu, Msambweni.

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya mdomo na hii ya pili ni ya mikono, ambayo haijakushika tangu mwaka juzi. Hali yako? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Yale mafuta ya habasoda niliyokutumia unayapaka, au umempa jirani? Haya, najua umempa jirani. Mimi mzima, alhamdulillahi, lakini ni mwili tu. Moyo ndio ulionikalisha hapa jikoni kuandika.

Mwanasha mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mistari wala usitie maneno yako. Na ufunge mlango kwanza. Sikupiga simu kwa sababu mama akipewa simu husema "alhamdulillahi, twakuombea, haya kwaheri," akairudisha mbio kama kaa la moto, akidhani salio laungua. Nikituma sauti ya kurekodi nayo, kabla ya jioni nimeshajibiwa na Msambweni nzima. Kwa hiyo barua hii nampa Bi Mishi wa Bongwe, ambaye anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hii yangu. Anakuja likizo kesho.

Mama, jambo lenyewe ni la vitabu vya mjukuu wako Zuhura. Sipendi kujisifu, lakini nani mwingine hapo Msambweni amezaa mtu ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka Maskati? Mimi niliyeishia darasa la saba! Bibi mwenye nyumba hii, Bi Nasra, wazee wake walitoka Unguja, Kiswahili wanakisema vizuri kutushinda. Binti yake Thuraya nilimwazima vile vitabu vinne vya kisima nilivyokuja navyo kwenye sanduku, akavimaliza kwa wiki moja. Kitabu cha pili kilimliza mpaka chakula kikapoa. Nikawaambia wote, mpishi, dereva, mpaka daktari wa meno: "Mwandishi huyo mimi ndiye mama yake." Wageni wakija, naitwa kutoka jikoni wanitazame. Basi hutoka na leso yangu ile nzuri.

Najua wewe hujasomewa vyote, Mwanasha huishia panapochekesha. Basi nikupe kwa ufupi. Kuna msichana anaitwa Tabu, yuko Kinango, mwaka wa ukame. Kisima chao kimekauka. Anashuka kutazama, anakuta kwamba chini ya mchanga iko nchi nzima, na wenyeji wake ndio walioificha mvua yote iliyokataa kutunyeshea. Wameifungia mitungini. Kila kitabu Tabu anashuka, anashindana nao kwa akili, anarudi na mtungi mmoja. Na juu, mdomoni mwa kisima, amekaa Bibi yake. Bibi hana uchawi, hana upanga, hata macho yake hayaoni sawasawa. Ameshika kamba ya katani, basi. Jua limpige, fisi walie, watu wamcheke, haiachii. Tabu akifika mahali pa kukata tamaa huivuta kamba mara tatu, na Bibi naye huivuta mara tatu. Hapo ndipo watu wazima wanapotafuta kitambaa.

Bibi huyo ni wewe, mama. Mimi ndiye niliyemhadithia Zuhura alipokuwa mdogo. Ule mwaka tukiishi Kinango, silanga, lile bwawa letu la mvua, lilipokauka likabaki tope la kupasuka, ukanifunga kamba kiunoni, ukanishusha kisimani na kata na ndoo, kwa kuwa mwili wa mtu mzima haukupita. Nilikuwa na miaka saba. Nikachota maji nusu kata, nusu kata, kiza kimenizunguka, na kila nikiogopa naivuta kamba kujua kama upo. Ukawa waijibu. Uliponipandisha, viganja vyako vilikuwa vimechunika, nikaanza kulia, nawe ukaniambia, "Kamba mpya hii, bado ina makali." Zuhura ameliandika neno hilo hivyo hivyo.

Sasa wamekuja watu wa sinema, kutoka Nairobi, wanataka kuvitoa vitabu vile viwe filamu. Hilo ulilisikia, na najua ulichinja kuku. Usilolisikia ni kwamba Zuhura kabla ya kutia saini alidai jambo moja tu. Aliwaambia: "Bibi si wangu. Ni wa mama yangu na nyanya yangu. Lolote la Bibi, mpaka wao wawili wakubali kwa vinywa vyao." Wakaliandika kwenye mkataba. Mama, mtoto gani siku hizi atakuweka hivyo? Nilitembea siku tatu kichwa juu.

Ijumaa moja wakanipigia, ile simu ya kuonana. Nimevaa, nimejifukiza udi kana kwamba harufu itapita. Alikuwa dada mmoja anaitwa Karo, mcheshi, meno meupe.

"Mum, sisi Bibi tunampenda sana," akasema. "Ni vile tu kwa sinema, mtu ameketi tu na kamba, watu watalala."

Nikacheka kwa adabu.

"Kwa hivyo tulikuwa tunaomba. Tunaweza kumgusa kidogo?"

Sasa niambie, wewe ungejibu nini? Mgeni amekuja, amesifu, ameomba kwa upole. Nikasema kama ulivyonifunza: "Mwanangu, Bibi ni wenu. Mfanyeni mpendavyo, nyumba ni yenu."

"Kwa hivyo umekubali, mum?"

"Nitakataaje, mwanangu, nawe umeshaingia ndani?"

"Asante sana, mum! Ubarikiwe!" Akakata.

Nikabaki nimeishika simu. Mama, nilikuwa nangoja zamu yake! Kwetu ukimwambia mtu "ni chako," naye husema "la, mama, chako mwenyewe, sisi tulitazama tu." Unamwambia "chukueni," anakuambia "hatuwezi." Ndipo sasa watu wakakaa wakazungumza, kila mmoja ameshaiona heshima ya mwenzake. Neno langu nilikuwa nalo tayari, nililiweka kwa zamu ya tatu: lakini kamba msiiguse. Zamu ya tatu haikufika. Kumbe yule alikuwa akinirekodi, na kwao neno la kwanza ndilo la mwisho.

Mwezi haukuisha wakatoa picha ya kutangaza. Tabu yupo, wamempamba. Pembeni yake wamemtia kijana kifua wazi, ana mkuki unawaka kama tochi, wanaruka kisimani wote wawili, hawana kamba. Mdomoni mwa kisima hakuna mtu. Pale mahali pako, mama, wameweka mwezi.

Wasomaji wamewaka moto. Thuraya hunisomea kwenye simu yake kila siku. Wengine wanahofia wale wa chini watazungumza Kiingereza, wengine kwamba mitungi itakuwa ya dhahabu. Lakini wengi ni Bibi, Bibi, Bibi. Mmoja ameuliza kitu kidogo tu: "Sasa Tabu atarudije?" Mwingine amesema wamemleta mwenye mkuki kwa sababu hawaijui kazi ya kukaa. Mwalimu mmoja wa Kinango, darasa lake lote limejifunga uzi wa katani mkononi, wameandika ubaoni "Bibi asiachie kamba," na neno hilo sasa limeshika kila mahali. Thuraya naye amechomoa uzi kwenye gunia la stoo yangu, kajifunga. Na wako wanaoandika kwamba mwandishi amemuuza bibi yake. Hilo alilisoma haraka haraka, akidhani sitasikia.

Wiki iliyopita Thuraya akaja jikoni nikiwa nakata vitunguu.

"Mama Zuhura, hivi nani kawaruhusu hawa?"

"Sijui, mwanangu."

"Lazima yuko mtu kawaambia ndiyo. Mtu huyo hana haya hana vibaya."

"Vitunguu hivi vikali leo," nikamwambia.

Mama, mimi niliyekuwa nikitoka jikoni kutazamwa, sasa wageni wakija nasema nina mafua.

Zuhura akapiga siku ile ile. "Shikamoo mama."

"Marahaba kipenzi changu, mwandishi wangu, fahari ya..."

"Mama, Karo ameniletea sauti yako."

Nikazima jiko.

"Ulisema wamfanye wapendavyo?"

"Nilisema kama watu wanavyosema, Zuhura. Wewe si wajua?"

"Mimi najua, mama. Wao hawajui."

Laiti angenigombeza! Ningejitetea, ningelia, tungemaliza. Akasema kwa upole, "Basi, mama. Hamna neno. Wala usijali." Adabu hiyo nimemfunza mwenyewe. Aliniambia kama anavyoambiwa mgeni aliyevunja kikombe. Tangu hapo kila asubuhi naletewa "shikamoo mama," nami najibu "marahaba," na hakuna linalofuata.

Nimejaribu kulirudisha lile neno. Nimemtumia Karo sauti nne, ya kwanza nzuri na ya nne mbaya. Akanijibu, "Usijali mum, tutamheshimu Bibi, lazima atatajwa." Atatajwa! Kwani amekufa?

Sasa nisikilize vizuri, mama. Mwanasha, hapa soma mara mbili. Mkataba wasema wawili. Mimi nimeshatoa langu, lakini bado lako. Bila lako hawawezi kumwondoa Bibi, Zuhura mwenyewe aliniambia hivyo siku alipotia saini. Na nimesikia kwa mke wa kaka Hamisi kwamba Jumanne ijayo wanakuja kwako, Karo na wenzake, na kamera. Zuhura hatakuambia useme nini. Ameapa hatamtia mtu mzima neno mdomoni, ndivyo alivyo. Basi nakuambia mimi. Wakikuuliza, sema "sitaki." Usitie "samahani" mbele wala "mwanangu" nyuma. Usiseme "mtajua wenyewe." Usicheke. Na useme kabla ya chai, kwa sababu ukishawapa chai tumekwisha.

Lakini nakujua. Unakumbuka kile kinu cha mvule alichokuachia nyanya? Ule mwaka tulipokaa kwa shangazi mwingine, Samburu, kando ya barabara kuu, akaja yule dereva wa lori kutoka bara kuomba maji ya rejeta. Akakiona, akasema, "Mama, hiki kinu ni kizuri." Ukamwambia, "Ni chako, baba." Naye akakibeba! Akakipandisha kwenye lori, akashukuru, akaondoka, na wewe umesimama umepunga mkono. Ukatwanga kwa majirani msimu mzima, na nilipokuuliza mbona hukumzuia, ukanikemea: "Mgeni akishashika kitu, utamnyang'anya?" Tulicheka miaka. Sasa sicheki.

Nimefikiria kuomba ruhusa nije. Bwana wa nyumba amesema mpaka mkataba wangu wa kazi uishe. Na hata nikija nitafanya nini? Nitawapikia. Nitawaambia wasikae karibu na mlango, panavuja. Tuko hivyo, mama, sijui tulilishwa nini. Mtoto wetu yuko chini na kamba imebaki mikononi mwa watu wawili wasiojua kusema hapana, na mmoja ameshaiachia akidhani anawapa watu mkono.

Usiku huwa nakitazama kiganja changu. Laini, mama. Mafuta ya kupikia na sabuni ya maji. Wewe siku ile ya kisima hukusema hata kama viganja vyauma.

Basi nisikuchoshe. Msalimie Mwanasha ambaye anasoma hapa sauti imeshamkauka, mwambie kitambaa chake kimo kwenye mfuko wa Bi Mishi, cha kijani. Msalimie kaka Hamisi na mkewe, na umwambie asiwatangazie watu kwamba naye atatokea kwenye filamu. Shangazi yangu wa Kinango, anayechota kisima kile kile hadi leo, mpe mkono wangu. Jirani yako anayepaka mafuta yangu, mwambie ajipake vizuri, ni ghali. Zuhura akija kukutazama, usimwambie lolote, mkumbatie tu, umshike kwa muda kuliko desturi. Na hao wageni wa Jumanne wakifika, nao nisalimie, waambie wasiondoke bila kula, samaki wa kupaka...

Astaghfirullah. Unaona, mama? Kalamu imekwenda yenyewe, tena ni ya wino, haifutiki.

Ni mimi mwanao, uliyemshusha ukampandisha,
Mwanahamisi,
mama yake Zuhura mwandishi.